Hofu ya Kupasuliwa Pua Ilikotoka

Hapa Jeppestown, mashariki ya katikati ya Johannesburg, kijana aliyevunjika pua uwanjani akiambiwa na daktari kuwa ukuta wa pua umepinda na unahitaji upasuaji, wenzake humwonya: usikubali, pua itadidimia. Tulijiuliza hofu hii ilianza wapi.

Johannesburg ilizaliwa mwaka 1886 baada ya dhahabu kugunduliwa, na Jeppestown ni miongoni mwa mitaa yake ya mwanzo. Upasuaji wa kisasa wa pua ni rika lake. Mwaka 1884, mjini Vienna, Karl Koller alionyesha kuwa kokeini hutia ganzi jicho. Madaktari wa pua wakaichukua upesi, kwani pia hubana mishipa ya damu, na damu ikipungua daktari huona anachokata.

Waliotangulia walikata gegedu pamoja na utando wake, wakaacha tundu. Mwaka 1902 Otto Freer wa Chicago, na mwaka 1904 Gustav Killian wa Ujerumani, walieleza njia ya kuinua utando kwanza, kuondoa gegedu na mfupa uliopinda, kisha kuurudisha. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini gegedu ni nguzo ya pua. Killian alisisitiza sehemu ya juu na ya mbele ibakizwe. Palipokatwa kupita kiasi, mgongo wa pua ulibonyea kama tandiko la farasi. Kwa hiyo hofu ya mtaani si uzushi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Cottle, naye wa Chicago, alifundisha kulinyoosha gegedu na kulihifadhi. Hatari ikapungua, ila haikuisha: ukuta huweza kutoboka, damu kutoka, au pua kuziba tena.

Kubwa la kuchunga ni damu kuvilia chini ya utando, jambo ambalo hata pigo la mpira huleta. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando. Likitengwa nao siku chache, hufa. Pua ikiziba ghafla, maumivu yakizidi au homa ikipanda, turudi hospitali siku hiyo hiyo. Na tusipenge kamasi mpaka daktari aruhusu.

Kabla ya kukubali au kukataa, basi, tumuulize daktari swali ambalo historia imetuachia: gegedu kiasi gani litabaki?