Uhuru: Setilaiti ya Malindi Iliyofichua Mashimo Meusi

Jioni za Septemba, ipatapo saa tatu usiku, mkazi wa Bulumbi wilayani Busia, Uganda, akitazama kaskazini huliona kundi la nyota liitwalo Cygnus. Humo limo shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano usioachia hata mwanga, la kwanza kukubaliwa na wanasayansi, na safari ya kulifichua ilianzia pwani ya Kenya.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Jukwaa liliendeshwa na Waitaliano, setilaiti ilikuwa ya NASA. Walipenda eneo hilo kwa kuwa liko karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa Dunia huiongezea roketi kasi. Kwa heshima ya siku hiyo, setilaiti ikaitwa Uhuru.

Kazi yake ilikuwa kupima miale ya eksirei kutoka angani, ambayo huzuiwa na angahewa. Roketi za awali zilipanda juu kuipima kwa dakika chache tu, kisha zikaanguka. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikijizungusha mara moja kila dakika 12 na kupekua anga ukanda kwa ukanda. Iliorodhesha vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, mwanga wake ulibadilika ndani ya muda usiofika sekunde moja, dalili kwamba ni kitu kidogo mno. Ikabainika kinanyonya gesi ya nyota jirani; ndicho lile shimo jeusi la Cygnus. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Nobel mwaka 2002.

Mashimo makubwa zaidi, yaliyo katikati ya galaksi, hurarua nyota nzima. Upande wa nyota ulio karibu huvutwa kwa nguvu kuliko ule wa mbali, nayo ikarefuka kama utomvu wa fenesi hadi ikakatika. Mwaka 2014 tukio la aina hiyo, ASASSN-14li, lilionekana umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 290. Mwaka 2023, watafiti waliotumia darubini za angani Chandra na XMM-Newton, warithi wa Uhuru, walitangaza kwamba mabaki yake yana naitrojeni nyingi mno kuliko kaboni. Nyota kubwa hugeuza kaboni kuwa naitrojeni ndani ya kiini chake. Kwa hiyo walikadiria kwamba nyota ile ilikuwa na uzito wa Jua mara tatu hivi.

Walimu wa sayansi, Kenya na Uganda, wafundisheni watoto historia hii. Elimu ya mashimo meusi ina sura iliyoandikwa Afrika Mashariki, na jina lake ni la Kiswahili.