Ghala katika chumba kidogo: Namna ya kupanga mavuno bila kuhatarisha familia

Mavuno yanapoingia nyumbani, kazi ya mkulima huwa haijakwisha. Kwa wakazi wa Kiritiri na vijiji vinavyouzunguka mji huo wa Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu, hapo ndipo swali jingine huzuka: magunia yatawekwa wapi, ilhali chumba ni kimoja na ndani yake watu hulala, hupika na kuhifadhi maji?

Tofauti na sehemu za juu za Embu zinazostawisha chai na kahawa, Mbeere ni nchi ya ukame. Mazao yake ya chakula ni ndengu, kunde, mbaazi, mtama, mawele na mahindi. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na mara nyingi msimu mmoja husaliti. Kwa hivyo chakula kinachopotea ghalani hakina badali hadi msimu mwingine ufanye hisani.

Zamani kila boma lilikuwa na ghala lake la fito, lililoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa kwa nyasi. Upepo ulipita chini na kandoni, na nafaka ilikaa mbali na unyevu wa ardhi. Hofu ya wezi, uhaba wa miti na nyumba za kupanga mijini zimewafanya wengi wahamishie akiba yao chumbani. Mabadiliko hayo yameleta usalama dhidi ya mwizi, lakini yameleta pia hatari ambazo ghala la nje halikuwa nazo.

HESABU YA NAFASI

Jambo la kwanza ni kujua kiasi kinachohitajika. Makadirio yanayotumika sana nchini ni kwamba mtu mmoja hula karibu gunia moja la mahindi la kilo 90 kwa mwaka. Familia ya watu watano, basi, huhitaji takriban magunia matano. Ikiongezwa akiba ya magunia mawili ya ndengu na moja la kunde, jumla ni manane.

Gunia likilazwa hukalia nafasi ya karibu sentimita 90 kwa 60, na kimo cha sentimita 30. Magunia mawili yakiwekwa sambamba, na kupandishwa hadi zitimie safu nne, yote manane hutoshea mahali pa sentimita 90 kwa mita 1.2, kwa kimo cha mita 1.2. Ukiacha nusu mita ya kupita kwa pande mbili, chumba cha mita tatu kwa tatu hupoteza zaidi kidogo ya robo ya sakafu yake.

Rundo lisizidi kimo hicho nyumbani mwenye watoto. Gunia la kilo 90 likiporomoka laweza kumuua mtoto.

UKAVU KWANZA

Mpangilio mzuri hauwezi kuokoa nafaka mbichi. Mahindi yanapaswa kukaushwa hadi unyevu wake usizidi asilimia 13.5 kabla ya kufungwa. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, kwa maana kuvu huishi ardhini.

Asiye na kipimo cha kisasa anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, kisha itikise kwa dakika chache na kuiacha itulie. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi hayana budi kurejeshwa juani.

Sababu ya kusisitiza ukavu ni sumu ya aflatoksini, iitwayo pia sumukuvu, ambayo hutokana na kuvu waotao kwenye nafaka. Mwaka wa 1981 sumu hiyo iliua watu 12 Machakos. Mwaka wa 2004, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Wengi wa waathiriwa walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyohifadhiwa katika hali ya unyevu. Sumu hiyo haiondolewi na mapishi ya kawaida, na nafaka yaweza kuwa nayo bila kuonyesha rangi ya kuvu.

MAHALI PA KUWEKA

Magunia yasikae sakafuni. Chaga ya mbao iliyoinuliwa sentimita 10 hadi 15 huyatenga na unyevu unaopanda kutoka chini. Yasigusane na ukuta pia. Pasipo na nafasi ya nusu mita, iachwe angalau nafasi ya kupitisha ufagio na kuangaza tochi. Panya hupenda pembe zisizofikiwa na mtu.

Nyumba ya mabati huwaka joto mchana na kupoa usiku, na matone hujikusanya chini ya bati. Rundo lisisogezwe hadi karibu na paa. Mitungi ya maji na jiko viwe upande wa pili wa chumba, kwa kuwa mvuke wa sufuria na maji yanayomwagika huirejeshea nafaka unyevu uleule ambao jua liliutoa.

MPANGILIO WA MATUMIZI

Kanuni ni kwamba kitakacholiwa mwisho kikae chini, na kitakacholiwa kwanza kikae juu. Kila gunia liandikwe zao lililomo na tarehe ya kufungwa. Mbegu za msimu ujao zitengwe katika chombo chake kinachofungika, ili njaa ya mwezi mmoja isile shamba la mwaka mzima.

Nafaka ya zamani isichanganywe wala kuegemezwa kwenye mpya. Fukusi, na yule mdudu hatari ajulikanaye kwa wakulima wengi wa Kenya kama Osama na Tanzania kama dumuzi, huhama kutoka gunia moja hadi jingine. Mdudu huyo, aliyetoka Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kufika Taveta, Kenya, mwaka wa 1983. Hutoboa hata mbao, kwa hivyo chaga na nguzo kuukuu zikaguliwe kabla ya kutumiwa.

Kunde na ndengu zina adui wao mwingine, ambaye huanza kutaga mayai zikiwa bado shambani. Kwa sababu hiyo gunia lililoonekana safi siku ya kufungwa huweza kujaa matundu baada ya miezi michache.

MIFUKO ISIYOPITISHA HEWA

Kwa chumba cha kulala, njia iliyo salama zaidi ni mifuko isiyopitisha hewa. Aina inayojulikana sana ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia moja la nje. Ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kutokana na kazi iliyoanza Cameroon miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde.

Kila mfuko hukamuliwa hewa, husokotwa shingo, hukunjwa na kufungwa peke yake. Wadudu walio ndani humaliza oksijeni na kufa bila dawa yoyote. Hata hivyo mfuko huo haukaushi nafaka: aliyefungia mahindi mabichi amefungia kuvu. Tundu dogo la panya au la msumari huharibu kazi yote, na mfuko unaofunguliwa kila siku hauna faida. Ni heri kufungua mmoja, kuumaliza, ndipo ufunguliwe mwingine.

SUMU NDANI YA NYUMBA

Kosa kubwa kuliko yote ni kutumia vidonge vya gesi katika chumba wanamolala watu. Vidonge vya alumini fosfidi vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo haina rangi, hupenya kwenye nyufa na huua binadamu kama iuavyo wadudu. Kufungua dirisha si kinga. Vidonge hivyo ni vya maghala yaliyojitenga na wataalamu waliofunzwa.

Onyo hilo linawahusu pia wafanyabiashara wanaozunguka masokoni na magari madogo na kulala ndani yake pamoja na shehena. Nafaka iliyotiwa gesi isisafirishwe mahali palipo na msafiri. Katika gari, magunia mazito yalazwe chini na kufungwa kamba, nayo mafuta, mbolea na dawa za shambani zisiwekwe pamoja na chakula kamwe.

Dawa ya unga nayo iwe ile iliyoidhinishwa kwa nafaka ya kuliwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na muda wa kungoja kabla ya kula uzingatiwe.

UKAGUZI NA ZIADA

Mara moja kwa wiki mwenye nyumba afagie chini ya chaga na kuangalia unga unaodondoka, kinyesi cha panya, au joto lisilo la kawaida mkono ukiguswa guniani. Dalili hizo zikionekana mapema, gunia moja hupotea badala ya manane.

Aliye na ziada isiyotoshea si lazima ailundike chumbani wala kuiuza kwa hasara wakati wa mavuno. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka wa 2019 iliweka utaratibu wa mkulima kuhifadhi mazao katika ghala lililoidhinishwa na kupewa stakabadhi ya umiliki. Wakulima wadogo wanaweza pia kuungana na kukodi chumba kimoja kisicholaliwa na mtu. Gharama yake ikigawanywa kwa wengi ni ndogo, na kila familia hurejeshewa nafasi yake ya kulala.