UZI: Kwani nyaya kubwa za stima haziwezi kuzikwa?

1/ Kila minara ikianguka na nchi kuingia gizani, swali huwa lile lile: si wazike tu hizi nyaya? Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere–Embakasi iliporomoka, serikali ikasema vyuma vyake vilikuwa vimeibwa. Sehemu kubwa ya nchi ilikosa stima. "Tutazika nyaya" ni ahadi tamu jukwaani. Hebu tuone historia inasemaje.

2/ Wazo lenyewe ni la zamani. Karibu mwaka 1890, mhandisi Sebastian de Ferranti alipeleka umeme wa volti 10,000 kutoka Deptford hadi katikati ya London kwa kebo. Kinga yake ilikuwa karatasi iliyolowekwa nta. Zilitengenezwa kwa vipande vya futi 20, na kila kiungo kikafungwa kwa mkono.

3/ Wakubwa wa serikali waliogopa. Kuwatuliza, fundi alishika patasi ikapigiliwa nyundo hadi ndani ya kebo yenye umeme, na hakudhurika kwa sababu ganda la nje lilikuwa limeunganishwa na ardhi. Kwa hivyo ati "teknolojia haipo" si jibu. Ipo kwa zaidi ya miaka 130.

4/ New York nako nyaya zilijaa juu ya barabara kama utando wa buibui. Dhoruba ya theluji ya Machi 1888 ikaziangusha. Oktoba 1889 fundi akafa kwa umeme juu ya nguzo huku umati ukitazama. Sheria ya kuzika nyaya ilikuwepo tangu 1884, lakini kampuni zilivuta miguu. Nguzo zilianza kukatwa baada ya watu kukasirika. Sheria bila wa kuisukuma ni karatasi tu.

5/ Sasa, mbona dunia nzima haijazika? Kwanza ni joto. Waya wa juu hupozwa na upepo. Kebo hupozwa na udongo tu, na udongo ukikauka joto halina pa kwenda. Waliojifunza hili kwa uchungu ni watu wa Auckland, New Zealand.

6/ Mwaka 1998 katikati ya jiji hilo kulitegemea kebo nne za kilovolti 110. Kiangazi kilikuwa kikali. Ya kwanza ikafa Januari, ya pili mapema Februari. Mzigo ukahamia kwa mbili zilizobaki, nazo zikafa ndani ya siku mbili. Kwa takriban wiki tano biashara ziliendeshwa kwa jenereta au zikafungwa. Waya wa juu ukikatika unaonekana, na mara nyingi hutengenezwa kwa saa au siku. Kebo ikiungua lazima utafute mahali, uchimbe, uunge upya. Hizo ni wiki.

7/ Pili ni umbali. Kebo ndefu ya umeme wa kawaida hubaki na sehemu ya umeme ndani yake, kama tangi ambalo lazima lijae kwanza. Baada ya makumi ya kilomita inabidi uongeze mitambo ya kusawazisha. Dawa ni umeme wa mkondo mmoja, lakini huo unadai vituo vya bei kali kila upande. Sisi tunayo laini ya aina hiyo, kutoka Ethiopia hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000. Hiyo yote inapita juu, kwa minara.

8/ Tatu ni pesa. Kuzika hugharimu mara kadhaa zaidi ya minara, kutegemea ardhi na nguvu ya umeme. Ujerumani walipanga laini ya SuedLink, kilomita 700 hivi, kubeba umeme wa upepo kutoka kaskazini hadi kusini. Wananchi wakakataa minara. Mwishoni mwa 2015 sheria ikabadilishwa, laini za aina hiyo zizikwe kwanza. Mipango ikarudi mwanzo. Ilikuwa iishe 2022, sasa wanasema 2028. Na wakulima wakapata hofu mpya: mtaro na joto vitafanya nini kwa shamba?

9/ Turudi nyumbani. Laini ya kilovolti 400 huhitaji ukanda wa mita 60. Mashamba ya upepo ya Turkana yalikuwa tayari 2017, lakini laini ya kilomita 428 hadi Suswa ikakamilika Septemba 2018. Mizozo ya fidia iliichelewesha, na mkandarasi wa kwanza akafilisika. Mwananchi akabebeshwa mabilioni kwa stima ambayo haikumfikia.

10/ Kuzika hakumalizi mzozo wa ardhi. Ukanda unakuwa mwembamba, lakini juu yake hujengi nyumba wala hupandi mti wa mizizi mirefu. Na udongo mweusi wa Nairobi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Lazima uutoe na kujaza mchanga maalum unaopitisha joto. Mtaro wa bei rahisi ndio moto wa kesho.

11/ Kwa hivyo mtu akisema "tutazika", muulize:
– Kilomita ngapi, kilovolti ngapi?
– Gharama itaingia kwa bili ya nani?
– Ikiungua, kuna njia ya pili?
– Mwenye shamba atalipwa lini? Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema upesi na kwa haki.

12/ Mjini penye msongamano, karibu na hospitali au uwanja wa ndege, kuzika kuna maana. Kutoka Turkana hadi Suswa, anayekuahidi hivyo bila hesabu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na wezi wa vyuma? Hata kebo ina shaba au alumini. Ulinzi bado utalipiwa. Sambaza.