Asili ya Lugha ya Kipapiamento

Watu wengi hudhani ya kuwa lugha iliyochanganyika maneno ya wageni si lugha kamili, bali ni masalio ya watu waliojaribu kusema lugha ya wakubwa wao wakashindwa. Hayo yalisemwa sana juu ya Kipapiamento, lugha ya visiwa vya Aruba, Bonaire na Curaçao, karibu na pwani ya Venezuela. Basi na tuzitazame habari zake.

Wahispania walifika Curaçao mwaka 1499. Waholanzi wakawanyang'anya kisiwa hicho mwaka 1634, na baadaye wakakifanya soko kubwa la watumwa kutoka Afrika. Wako wataalamu wasemao kwamba shina la lugha hii ni Kihispania. Wengine, nao wana ushahidi mwingi, husema ni Kireno kilichochanganyika na lugha za Waafrika katika visiwa vya Cape Verde na pwani ya Guinea, kikavuka bahari pamoja na watumwa. Maneno mengi ya Kihispania na Kiholanzi yaliingia baadaye. Meza huitwa *mesa*. Nasi neno letu tulilipata kwa Wareno.

Je, lugha hii haina sheria? *Mi ta papia* ni "nasema". *Mi a papia*, "nilisema". *Lo mi papia*, "nitasema". Nyumba ni *kas*. Zikiwa nyingi, *kasnan*, na hilo *nan* ndilo neno la "wao". Lakini ukitaja hesabu, *nan* huondoka: *tres kas*, nyumba tatu. Mwenyeji asiyejua kusoma hakosei hapo. Mgeni mwenye elimu hukosea.

Wala haikuwa lugha ya watumwa peke yao. Barua ya kale inayojulikana, ya mwaka 1775, iliandikwa na Myahudi wa Curaçao. Padre Martinus Niewindt, aliyefika mwaka 1824, aliandika katekisimu kwa lugha hiyo, maana ndiyo waliyoielewa watu. Hata hivyo Kiholanzi kilitawala shuleni muda mrefu, na watoto wakajifunza kuyaonea haya maneno ya mama zao. Aruba iliikubali kuwa lugha ya serikali mwaka 2003. Curaçao na Bonaire, mwaka 2007.

Basi, sisi walimu, tusiipime lugha kwa maneno iliyoyakopa. Tuzitafute kwanza sheria zake. Na mtoto asemaye lugha ya kwao tusimwambie kwamba hana lugha.