Farasi Katika Pwani Yetu

Siku moja niliwachukua wanafunzi wangu wa ualimu kwenda Kunduchi, upande wa kaskazini wa mji wa Dar es Salaam, kutazama magofu ya kale. Tuliuona msikiti uliobomoka, tukayaona makaburi yenye nguzo, ambayo watu wa zamani waliyapamba kwa mabakuli ya Kichina. Nikawaeleza jinsi watu wa pwani hii walivyofanya biashara na Bara Hindi, Arabuni na China, wakaleta nguo, shanga na vyombo vya udongo. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, Waarabu ni watu wa farasi, nao wamekuja hapa tangu zamani. Mbona mabakuli yamebaki, lakini hatuoni banda la farasi hata moja?"

Swali lile lilinipendeza, nami sikulijibu siku ile. Leo nataka kulijibu, na jibu lake lina habari ya kazi, ya maradhi, na ya damu ya watu wasio na hatia.

Kwanza yatupasa kujua banda la farasi ni kitu gani. Wengi wetu tumezoea mbuzi, ambaye hufunguliwa asubuhi akajitafutia mwenyewe. Farasi wa mbio si hivyo. Ni mnyama mwenye uzito wa ratili elfu moja na zaidi, ambaye hunywa maji debe moja au mawili kwa siku, na tumbo lake ni dhaifu kuliko la mtoto mchanga. Akila chakula kibaya, huweza kufa. Kwa hiyo farasi mmoja huwatumikisha watu wengi.

Tuitazame nchi ya Uingereza, ambako mbio za farasi za kuruka viunzi hufanywa hasa katika miezi ya baridi. Yasemwa kwamba mbio za namna hii zilianza Ireland katika mwaka wa 1752, mabwana wawili walipopigana sharti kushindana kutoka kanisa la Buttevant mpaka kanisa la Doneraile. Hawakufuata njia, bali walilenga mnara wa kanisa, wakaruka kila ukuta, kila ua na kila mtaro uliowakabili. Baadaye viwanja vilijengwa kwa kazi hiyo, na mbio zilizo mashuhuri kuliko zote zimefanyika Aintree, karibu na Liverpool, tangu mwaka wa 1839. Farasi huenda zaidi ya maili nne na kuruka mara 30.

Katika nchi ile, mwezi wa Desemba, jua huchelewa kutoka mpaka yapata saa mbili asubuhi, na saa kumi alasiri limekwisha kuzama. Lakini saisi, yaani mtunzaji wa farasi, huamka kukiwa giza bado. Baridi ni kali hata maji ya ndooni yameganda kama kioo, naye huanza kwa kuyavunja. Kisha hutazama kihori: je, farasi amemaliza chakula cha usiku? Farasi aliyebakiza chakula ametoa habari ya ugonjwa kabla hajaonyesha dalili nyingine. Halafu saisi huinama, akaipapasa miguu yote minne, kwa sababu palipo na joto mguuni pana maumivu. Hakuna mashine iliyouondoa mkono huu wa saisi.

Baada ya hayo huondoa samadi na majani yaliyolowa, akatandika makavu. Farasi hutiwa lijamu na tandiko, wakatoka kwa safu katika ukungu, pumzi zao zikionekana kama moshi. Huenda polepole kwanza, kisha kwa telki, na mwisho kwa shoti juu ya kilima. Siku nyingine hufundishwa kuruka, kwanza gogo dogo, kisha ua mdogo, kisha viunzi vikubwa, kwa maana farasi aliyeogopeshwa mara moja si rahisi kurudishiwa moyo. Wakirudi hutembezwa mpaka jasho likauke, husuguliwa kwa burashi, kwato huchokolewa matope, nao hufunikwa blanketi, kwa kuwa manyoya yao yamenyolewa wasilowe jasho wakati wa mazoezi. Jioni mwenye banda hupita akitazama kila mnyama. Na kesho ni vivyo hivyo, hata siku ya sikukuu.

Kazi hii haiko mbali nasi. Katika nyanda za juu za Kenya mbio za farasi zilianza katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, na kiwanja cha Ngong, Nairobi, kimekuwapo tangu mwaka wa 1954. Bibi Beryl Markham, aliyelelewa Njoro katika shamba la baba yake, alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kupewa leseni ya kufunza farasi wa mbio. Jina lake limeandikwa vitabuni. Lakini maelfu ya alfajiri za baridi ya Julai, ni masaisi Waafrika waliovunja usingizi wao na kupapasa miguu ile, na majina yao hayakuandikwa.

Basi mbona banda kama hilo halikusimama Kunduchi? Si kwa kukosa mikono, wala kwa kukosa akili. Farasi katika pwani yetu ana adui wawili, na wote wawili ni wadudu warukao.

Wa kwanza ni mbung'o, ambaye huwatia wanyama ugonjwa wa nagana. Mnyama hukonda, damu yake hupungua, hata akafa. Wa pili ni mdogo mno. Ni usubi, aumaye jioni na usiku, hasa penye maji na wakati wa mvua. Hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi mzima wa asubuhi huweza kushikwa na homa, akavimba juu ya macho, akatoa povu puani, na baada ya muda mfupi amekufa. Punda milia hubeba vijidudu vya ugonjwa huu bila kuonekana kuugua, na punda wa kawaida huuvumilia sana. Farasi, aliyetoka nchi nyingine, hana kinga hiyo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea watu walipokuwa hawayajui hayo. Katika mwaka wa 1569 Mfalme wa Ureno alimtuma Francisco Barreto pamoja na askari wengi kwenda kuyatwaa machimbo ya dhahabu ya nchi ya Mwenemutapa. Padre Monclaro alifuatana nao, na ndiye aliyeiandika safari ile. Mwishoni mwa mwaka wa 1571 walifika Sena, katika mto wa Zambezi, wakakaa hapo wakati wa mvua. Farasi wao wakaanza kufa, na askari nao wakafa kwa homa. Wareno wakatafuta sababu. Karibu nao walikuwapo wafanyabiashara Waislamu, watu wa pwani yetu, ambao tangu zamani walikuwa wakinunua dhahabu na pembe katika soko lile. Wareno wakasema, "Hawa ndio waliowapa farasi sumu." Wakawakamata, wakawaua wengi kwa ukatili mkubwa mno.

Je, kuwaua watu wale kuliwaponya farasi? La. Vifo havikukoma. Jeshi lilipanda mto likashindwa, likarudi limedhoofika, na Barreto mwenyewe alikufa Sena katika mwaka wa 1573. Aliyewaua farasi alikuwa akiruka juu ya vichwa vyao kila jioni, wala hakuna aliyemshuku.

Katika Unguja wafalme walijaribu njia nyingine, nayo ni kuleta farasi kwa jahazi kutoka Arabuni. Sayyid Said alikuwa na farasi wazuri. Merikebu yake *Sultana* ilipofika New York katika mwaka wa 1840, chini ya Ahmad bin Naaman, ilichukua farasi wawili kuwa zawadi ya Rais wa Marekani. Sheria ya nchi ile haikumruhusu Rais kujitwalia zawadi, basi farasi wakauzwa kwa mnada. Binti yake Sayyid Said, Bibi Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka wa 1886, aeleza jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda wanyama. Na wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati, ambao bei yao huenda ikapita ile ya farasi. Hapo twaona jambo. Hata penye fedha na heshima ya kifalme, punda hakudharauliwa, maana ndiye aliyeiweza nchi.

Vita vikuu vya kwanza vilirudisha somo la Sena kwa uchungu zaidi. Mnamo Aprili 1916 askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walitoka upande wa Arusha kwenda Kondoa-Irangi katikati ya masika. Farasi walikufa njiani kwa mamia, na kabla vita havijaisha walikufa maelfu kwa maelfu. Lakini jeshi haliwezi kukaa bila chakula na risasi. Mzigo uliokosa mnyama uliwekwa juu ya kichwa cha mtu. Wapagazi wengi mno walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na jina la kikosi chao limebaki katika mtaa wetu wa Kariakoo. Kila apitaye pale kununua samaki au kitambaa hutaja kumbukumbu yao bila kujua.

Wakati huo wataalamu walikuwa wameanza kufumbua fumbo. Katika mwaka wa 1895 David Bruce, akiwa katika nchi ya Wazulu, alionyesha kwamba nagana hutokana na kijidudu kilichomo katika damu, nacho huchukuliwa na mbung'o. Huko Onderstepoort, Afrika Kusini, chanjo nzuri ya ugonjwa wa farasi ilipatikana katika miaka ya 1930, na katika mwaka wa 1944 usubi akathibitishwa kuwa mwenezi. Tangu hapo mwenye farasi hujua la kufanya: ampe chanjo, amwingize bandani kabla ya jua kuchwa, atie wavu wenye matundu madogo madirishani, wala asimtoe mpaka kumepambazuka. Na katika Unguja, kati ya miaka ya 1994 na 1997, mbung'o waliangamizwa kabisa. Madume waliofanywa tasa walilelewa Tanga, wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Majike yakapandwa nao, yakakosa kuzaa wadogo, na kizazi chao kikakoma. Ushindi ule haukumwaga damu ya mtu.

Lakini kabla ya hayo yote, aliyeibeba pwani yetu ni punda. Kuna punda wa Maskati wa mabwana, na kuna punda kiongwe wa bara, mkaidi, abebaye chokaa, mchanga na nazi. Lamu mpaka leo vichochoro vyake ni vyembamba, na punda huchukua mizigo; wakati wa sikukuu vijana hushindana kwa mbio za punda, na watu hushangilia kama wale wa Aintree. Tangu mwaka wa 1987 punda wa Lamu wana hospitali yao. Wahenga walisema, "Fadhila za punda ni mateke." Mimi nikiitazama historia, naona ni sisi tuliomlipa punda mateke kwa fadhila zake.

Basi, mwanafunzi wangu, jibu lako ni hili. Hukuliona banda la farasi Kunduchi kwa sababu usubi na mbung'o walilibomoa kabla halijajengwa. Bakuli la China haliumwi na mdudu, ndiyo maana limedumu.

Nanyi wasikilizaji, ng'ombe wakifa kijijini, au watoto wakishikwa na homa, kuna mtu atakayeinuka upesi kumnyoshea kidole jirani. Siku hiyo mkumbukeni saisi, ambaye farasi wake akichechemea hamtafuti wa kumlaumu, bali huinama akaupapasa mguu mpaka ajue maumivu yako wapi. Na muwakumbuke wafanyabiashara wa Sena.