Santuri za taarabu, Mombasa

 Mwaka 1928 taarabu iliingia kwenye santuri: mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa. Kisha Mombasa ikajitegemea. Kampuni ya Assanand & Sons ilitoa santuri zake kwa lebo ya Mzuri, na sauti ya mwimbaji Juma Bhalo ikapata hifadhi. Taarabu ya Mombasa ni muziki wa arusi, kutoka Mji wa Kale hadi Tononoka. Mwenye santuri kuukuu nyumbani asiitupe. Aihifadhi mbali na jua.