Picha nyeusi na nyeupe za mandhari siku ya mawingu

Picha nyeusi na nyeupe za mandhari siku ya mawingu ni picha za mabonde, vilima, mashamba na miti zinazopigwa bila rangi wakati jua limefunikwa kabisa. Makala hii inaeleza jinsi zinavyopigwa na jinsi ya kuzisoma, kwa mifano ya Uwanda wa Makonde (Newala na kata ya Mkunya) na vilima vya Masasi katika Mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania.

Mwanga

Jua likiwa wazi, mwanga hutoka upande mmoja na kila kitu hutupa kivuli. Likifunikwa, anga lote huwa kama taa moja kubwa, na vivuli hufifia au hutoweka. Hapo umbo la kitu halionyeshwi tena na kivuli, bali na weusi na weupe uliomo katika vitu vyenyewe: gome la mkorosho, udongo, jiwe lililolowa, paa la bati. Mpiga picha anayetafuta vivuli siku hiyo atarudi na picha ya kijivu kitupu.

Mwanga pia hupungua. Kwa kanuni ya zamani ya wapiga picha, filamu ya kasi ya 100 hupigwa kwa f/16 na sekunde 1/125 jua likiwa kali. Siku ya mawingu tundu la lenzi hufunguliwa hadi f/8, yaani mwanga mara nne zaidi, na mawingu yakiwa mazito hadi f/5.6. Anayetaka kubaki na tundu dogo ili mbali na karibu pote paonekane vizuri hana budi kuiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu na kuacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi.

Anga

Hata siku ya mawingu, anga hung'aa kuliko ardhi. Ukipima mwanga wa ardhi, anga hutoka jeupe kama karatasi. Ukipima wa anga, ardhi hutoka nyeusi. Wengi hukimbilia kichujio cha njano au chekundu, lakini hicho hufanya kazi kwa kuzuia mwanga wa buluu, na anga lililofunikwa na wingu la kijivu halina buluu ya kuzuiwa. Kinachosaidia ni kichujio cha kijivu kilichokolea juu na kuwa wazi chini. Njia nyingine, ambayo mara nyingi ndiyo bora, ni kuliacha anga liwe ukanda mwembamba tu juu ya picha.

Newala na Masasi

Mji wa Newala uko ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Sehemu ya ukingo huo inajulikana kama Shimo la Mungu. Ukungu unapojaa bondeni, kila tuta la mbali huwa jeupe kuliko lililo mbele yake, na macho hupima umbali kwa hatua hizo za kijivu. Jua la adhuhuri huua hatua hizo, wingu huzitunza.

Masasi ni habari nyingine. Vilima vyake ni miamba mitupu inayosimama peke yake katika tambarare. Baada ya mvua, mikondo ya maji huchora michirizi myeusi juu ya mwamba, na mwanga laini huionyesha yote bila mng'ao mkali.

Udongo mwekundu wa uwandani una tabia yake. Filamu za kale zisizohisi rangi nyekundu huutoa karibu mweusi, ilhali filamu zinazohisi rangi zote huutoa kijivu cha kati. Kwa kamera ya kidijitali, kiasi cha weusi huo huchaguliwa baadaye kwenye kompyuta.

Katika chumba cha giza, picha iliyopoa hupewa nguvu kwa kuiacha filamu kidogo zaidi katika dawa ya kuisafishia, au kwa kuichapa kwenye karatasi ya daraja la juu.

Kusoma picha za zamani

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, Ujerumani, alipiga picha nyingi Masasi na Newala, na baadhi zilitoka katika kitabu chake cha mwaka 1908. Ni kumbukumbu muhimu ya sehemu hizo mara baada ya Vita vya Majimaji kuzikumba nchi za kusini. Wanafunzi wanaoona anga jeupe katika picha za wakati huo hudhani siku ilikuwa ya mawingu. Hilo ni kosa. Sahani za kioo za zama hizo zilihisi buluu kupita kiasi, hivyo hata anga safi lilitoka jeupe.

Ushahidi ulio bora uko chini, miguuni pa watu na nguzoni mwa nyumba. Kivuli cheusi chenye ukingo mkali maana yake jua lilikuwa linawaka. Pasipo kivuli, ama palikuwa na wingu, ama mahali penyewe palikuwa kivulini. Weupe wa bonde kwa mbali nao si uthibitisho wa ukungu, kwani sahani hizo ziliongeza utusitusi wa hewa, na moshi wa mashamba yanayochomwa mwishoni mwa kiangazi hutoa sura ileile.